Maji Yaliingia Lini?

FUNDI WA MWALONI: MASWALI YA WASOMAJI

Mwezi huu nimeziweka kando barua za propela zilizopinda na za mashine za boti zinazokunywa petroli kupita kiasi. Nimechagua za maji tu, kwa sababu zimekuwa nyingi na kwa sababu zinaniuma nikizisoma. Karibu kila mwandishi anauliza maji yamepitia wapi. Ni swali zuri, lakini mimi hutanguliza jingine: yaliingia lini? Mashine ikikimbia, ikiwa imezimwa, au ikiwa begani kwa mtu? Ukinijibu hilo kwa ukweli, mlango wenyewe unakuwa umeshaonekana nusu.

Kwa wasomaji wapya: karakana yangu iko Wanseko, karibu na pale Nile inapoingia Ziwa Albert. Kazi nilijifunza Masese, Jinja, kwenye Ziwa Victoria. Mashine nyingi zinazonifikia ni Yamaha za nguvu za farasi 15, 25 na 40, zile za kuchanganya oili ndani ya petroli, na majibu yangu yanazihusu hizo.

*

Fundi, salamu kutoka ng'ambo. Nina boti hapa Panyimur, mashine ya farasi 40. Nilipofungua oili ya giaboksi nilikuta imekuwa kama chai ya maziwa. Fundi wa hapa akabadilisha oili. Baada ya wiki tatu, chai ileile. Akabadilisha tena, na mara ya tatu. Sasa anasema ninunue mguu mzima. Nina mbuzi wachache nilionao kwa ajili ya ada za shule. Niwauze?
Mwenye boti, Panyimur

Ndugu yangu wa Panyimur, usiuze mbuzi bado. Mguu mzima, yaani sehemu yote ya chini yenye giaboksi na propela, haununuliwi mpaka ijulikane gia na beringi zimekufa, na hakuna mahali katika barua yako unaposema mashine inapiga kelele au inaruka gia. Unachoniambia ni kwamba oili imebadilishwa mara tatu, na mlango haujatafutwa hata mara moja.

Sikiliza jinsi inavyokuwa. Ukivuka kutoka kwenu kuja huku, gia zinapasha oili moto na hewa iliyo ndani ya giaboksi inatanuka. Kama kuna sili iliyochoka, yaani ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti inapopita, oili kidogo inasukumwa nje. Kisha unafika, unazima, unafunga boti, na ule mguu wenye moto umekaa ndani ya maji baridi. Hewa ya ndani inasinyaa, inaanza kunyonya. Inanyonya kupitia palepale oili ilipotokea, na safari hii kinachoingia ni ziwa. Ndiyo maana mtu anakimbia mchana kutwa bila kuona kasoro, analala, anaamka na chai ya maziwa. Maji yaliingia usiku, yeye akiwa amelala.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni la bure. Usifungue oili mara tu baada ya safari, kwa sababu wakati huo maji na oili vimepigwa pamoja kama mayai. Isimamishe mashine wima nchi kavu usiku mzima. Asubuhi tega kopo safi, ulegeze skrubu ya chini kidogo tu, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yameshatua na yatatoka ya kwanza. Yakiwa matone machache, mlango ni mdogo. Yakitiririka, mlango ni mkubwa na hupaswi kuendesha tena hata siku moja. Kama oili imekuwa maziwa kiasi cha kukataa kuachana na maji, chukua tone uliweke juu ya kijiko ulichopasha kwenye jiko la makaa. Oili safi inatoa moshi kimya. Yenye maji inalia na kurukaruka kama kitunguu kibichi kwenye mafuta. Fanya hivyo mbali na petroli, na usikaribishe uso.

Kwenye mashine nyingi ile skrubu ya chini ina sumaku kwenye ncha. Itazame. Unga laini mweusi kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa, unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapo nitakubaliana na fundi wako kwamba lazima gia zifunguliwe.

Sasa milango. Anza na ule wa bei ndogo kuliko soda: gasketi za zile skrubu mbili, ya chini na ya juu. Ni viduara vidogo ambavyo mafundi wengi huvirudisha vilevile kila mara, vimebonyea na kupasuka. Kila ukifungua oili, weka vipya. Nimeona mashine zaidi ya moja zikipona kwa hivyo viwili tu, wenye nazo wakiwa tayari wameshaanza kuulizia bei ya mguu Kampala.

Mlango wa pili ndio ninaoushuku kwako. Toa propela. Huku kwetu tunavua muziri na ragoge, wale samaki wadogo, usiku kwa taa, na vipande vya nyavu vinaelea kila mahali. Uzi wa nailoni ukinaswa unazunguka na shafti, unajisokota nyuma ya propela, unapata joto na kuukata mdomo wa sili kama kisu cha kinyozi. Wakati mwingine hauonekani mpaka uchokoe kwa sindano, kwa sababu umeyeyuka na kuwa pete ngumu ya plastiki. Kama uzi upo, utoe wote, na usidhani kazi imekwisha: sili imeshajeruhiwa.

Milango mingine ipo. Kuna sili za shafti ndefu inayosimama, zilizokaa chini ya pampu ya maji. Kuna oringi, kiduara cha mpira, ya fimbo ya kuingizia gia. Na kuna oringi kubwa ya ile nyumba ya beringi inayobeba shafti ya propela. Huwezi kujua kwa macho ni upi unaovuja, na hapa ndipo wenzangu wanapobahatisha kwa fedha za mteja. Mimi napuliza.

Kifaa changu nilijitengenezea. Nilichukua skrubu ya zamani ya giaboksi, nikaitoboa katikati, nikaunganisha valvu iliyokatwa kwenye tairi la ndani na kuiziba vizuri. Mwaga oili yote, funga skrubu ya juu na gasketi mpya, ile yenye valvu iweke chini. Unganisha pampu ya baiskeli yenye geji. Piga kwanza pauni 3 tu, usubiri. Wengi hurukia shinikizo kubwa, na sili iliyochoka ikisukumwa kwa nguvu hujibana yenyewe ikajifanya nzima. Ikishika kwa pauni 3, panda mpaka 10. Usizidi 15, utazisukuma sili zitoke kwenye makao yake. Sasa uzamishe mguu kwenye pipa la maji, au paka povu la sabuni kila kiungo, na uzungushe shafti zote mbili polepole kwa mkono. Sukuma ile fimbo ya gia huku na huku. Sili nyingine hushika zikiwa zimetulia na kuachia shafti ikigeuka. Mapovu yatakuonyesha mlango, na hutabishana na mtu tena.

Tuseme ni sili za propela. Kabla ya kuzitoa, piga picha kwa simu au chora: midomo imeelekea upande gani, na zimekaa kina gani. Ziko mbili, zote hubadilishwa. Kisha pitisha kucha juu ya shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Kucha ikikwama, shafti imelika mfereji, na sili mpya ikikaa mahali palepale itavuja mwezi huohuo. Kama makao yana nafasi, iweke sili mpya juu au chini kidogo ya pale pa zamani ili mdomo uguse chuma ambacho hakijalika. Mfereji ukiwa mkubwa, shafti ipelekwe kwa fundi wa lathi au inunuliwe nyingine, na bado utakuwa hujafika bei ya mguu. Paka grisi ya majini kwenye mdomo, igonge kwa bomba lenye upana sawa na sili, siyo kwa bisibisi pembeni pembeni.

Kurudisha oili nako kuna namna yake. Oili ya gia namba 90 ya mashine za majini huingizwa kwa kusukumwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu bila mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo utoe mrija chini na kufunga upesi. Ukimimina kutoka juu, hewa inabaki ndani, na ile hewa ndiyo inayotanuka na kunyonya. Baada ya hapo ufungue kidogo kutazama ukishakimbia saa 10. Ikibaki na rangi yake, rudi kwenye utaratibu wa kubadilisha kila saa 100 au miezi sita. Na kila wiki, toa propela utazame nyuzi. Ni kazi ya dakika kumi.

*

Mzee Fundi, mimi ni kijana wa boti Butiaba, mashine farasi 15. Kila asubuhi inakataa kuwaka. Nikitoa plagi ya chini naikuta na matone. Nikizikausha na kuvuta kamba mara nyingi inawaka, inatoa moshi mweupe kidogo, halafu inakimbia vizuri siku nzima. Nimeambiwa gasketi ya hedi imekwisha. Jioni huwa nabeba mashine begani mpaka nyumbani kwa sababu ya wezi, nailaza kwenye saruji. Nisaidie kabla tajiri hajanifukuza.
Kijana wa Butiaba

Mwanangu, asante kwa kuandika ile sentensi ya wezi. Ungeiacha, nami pengine ningekutuma ununue gasketi.

Gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha silinda, ikipasuka haijui asubuhi wala jioni. Maji huingia wakati mashine inakimbia, kwa kuwa ndipo pampu inapoyasukuma, na nguvu zingepungua ukiwa katikati ya ziwa. Yako inakimbia vizuri siku nzima. Basi maji yanaingia baada ya kuizima na kabla ya asubuhi, na katika muda huo kuna jambo moja tu ulilolifanya: umeibeba.

Fikiria jinsi unavyoibeba. Kichwa, yaani sehemu ya juu yenye silinda, kiko begani au kinaning'inia mbele, na mguu umeinuka nyuma yako. Ndani ya ule mguu mna maji ya kupoozea yaliyobaki, tena si machache. Mguu ukiwa juu kuliko kichwa, maji yanatiririka kupitia njia ya moshi, njia ileile ya egzosi, mpaka kwenye silinda. Kisha unailaza kwenye saruji na yanakaa humo usiku kucha yakila chuma. Silinda ya chini ndiyo inayopata zaidi, kama ulivyoona.

Leo jioni fanya hivi. Ukizima, iinamishe, subiri, halafu iteremshe isimame wima mpaka maji yaache kutoka kabisa. Usiwe na haraka. Ndipo uibebe, na kichwa kiwe juu kuliko mguu njia nzima, hata kama mtabeba wawili au utalipa boda. Nyumbani usiilaze. Gongomea ubao kwenye nguzo, uifunge wima kama ilivyokuwa kwenye boti. Fanya hivyo siku tatu, kila asubuhi ukitoa plagi kutazama. Zikiwa kavu, tajiri wako hana sababu ya kukufukuza.

Lakini kuna jambo linalonitisha katika barua yako, nalo ni ile "kuvuta kamba mara nyingi". Maji hayabanwi. Hewa yenye mvuke wa petroli ikibanwa inasinyaa, maji hayasinyai. Silinda ikiwa na maji ya kutosha na ukavuta kwa nguvu, pistoni inakuwa kama imegonga ukuta, na konrodi, ile fimbo inayoishika, inapinda. Kamba ikishikwa ghafla, acha. Toa plagi zote mbili, vua kile kipande cha kamba ya kuzimia ili cheche zisiruke, igeuze mashine matundu ya plagi yatazame chini, uzungushe flaiwili, lile gurudumu la juu ya mashine, kwa mkono taratibu mpaka maji yaishe. Mimina oili kidogo kila silinda, zungusha tena, ndipo urudishe plagi. Tone likikutatanisha kama ni maji au petroli, liweke kiganjani: petroli inapaa na kuacha baridi, maji yanabaki yamejiviringa.

Kama baada ya siku tatu plagi bado zina maji, hapo tutaizungumzia gasketi. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mbano ndani ya silinda, mashine ikiwa na joto, plagi zote zimetolewa, kabureta imefunguliwa hadi mwisho. Silinda mbili zikitofautiana zaidi ya sehemu moja ya kumi, anza kushuku. Tazama na rangi ya plagi: silinda inayopata maji ikikimbia huoshwa na mvuke, plagi yake inakuwa nyeupe safi, mwenzake ikiwa kahawia. Na usiisahau gasketi ya kifuniko cha egzosi, ubavuni. Mafundi hukimbilia hedi na kuiacha hiyo, kumbe maji ya kupoozea yanapita nyuma yake vilevile.

Nilipokuwa kijana Masese nilibadilisha gasketi ya hedi kwa mteja mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Zote zilikufa. Yule mteja alikosa usiku nyingi za kuvua kwa sababu yangu, na mpaka leo nikimkumbuka nasikia vibaya. Mzee aliyenifundisha alichukua hedi bila kusema neno, akailaza juu ya kioo cha dirisha, akapitisha fila geji, ule ulimi mwembamba wa chuma wa kupimia mwanya, chini yake. Iliingia. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, maana magugu maji yaliziba tundu la kunyonyea na mashine ikakimbia bila kukojoa, yaani bila ule mchirizi wa maji ya kupoozea kutoka. Gasketi haikuwa na kosa. Mwanya ukizidi milimita 0.1, hedi inasuguliwa: unabandika msasa namba 400 juu ya kioo, unapaka maji, unaizungusha kwa mwendo wa nambari nane mpaka uso wote uwe na rangi moja. Halafu bolti zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa spana yenye kipimo. Na unatafuta kwa nini ilipata joto, kwa sababu impela iliyochakaa ya pampu ya maji itaipinda tena.

*

Fundi, mimi ni mama mwenye boti mbili Kalangala. Wimbi lilipindua moja, watu wote wakatoka salama, Mungu ashukuriwe. Mashine ya farasi 25 ilizama ikiwa inawaka, ikakaa chini siku mbili. Ilipotolewa, vijana walitaka kuianika juani. Mzee mmoja jirani akasema irudishwe ndani ya pipa la maji safi, izame yote, mpaka nipate fundi. Nimefanya hivyo. Sasa mwalo mzima unanicheka kwamba nimeitia majini mashine niliyoitoa majini. Nimepotea?
Mama mwenye boti, Kalangala

Mama, hujapotea. Yule mzee ni mtu wa thamani, mpelekee samaki mzuri.

Kutu haitengenezwi na maji peke yake, inahitaji hewa pia. Mashine ikiwa imezama yote, hewa ni kidogo na chuma kinakaa karibu kama kilivyokuwa. Ukiitoa na kuianika, maji yanabaki kwenye beringi za kranki na hewa inayafuata. Mashine hizi hazina bwawa la oili ndani kama gari. Beringi zinalindwa na utando mwembamba wa oili iliyochanganywa kwenye petroli, na utando huo ziwa limeshauosha. Ndani ya saa chache kutu inaanza. Vijana wangeianika, ingependeza kwa nje, na ndani ingekuwa inakufa. Kwa hiyo isitolewe kwenye pipa mpaka fundi awe amesimama hapo na vifaa vyote viko tayari: plagi mpya, petroli safi, oili, kabureta imeandaliwa mahali pa kuoshewa. Ikishatoka, kazi haisimami kwa chakula cha mchana.

Mwambie fundi haya. Aoshe tope lote la nje kwa maji safi, atoe plagi na kabureta. Kabla ya kuzungusha chochote, achungulie kama mchanga umeingia. Ukiwemo, asizungushe, afungue. Mchanga ukisagwa kati ya pistoni na silinda, hakuna kitakachorudi. Kama ni maji matupu, ailaze matundu ya plagi yakitazama chini na azungushe flaiwili kwa mkono, polepole, akisikiliza. Umesema ilizama ikiwaka, nami nimelisoma hilo mara mbili, kwa sababu ilivuta maji ikiwa na mwendo. Ikigoma mahali pamoja au ikawa nzito kila mzunguko, asilazimishe. Konrodi imepinda na lazima mashine ifunguliwe kabla ya kuwashwa.

Ikizunguka laini, mshukuru Mungu tena. Amimine petroli iliyochanganywa oili nyingi ndani ya silinda na kupitia mdomo wa kabureta, azungushe, amwage, arudie mpaka kinachotoka hakina tone la maji. Nyaya na koili zilizo chini ya flaiwili zioshwe kwa maji safi na kukaushwa kabisa. Hizo ndizo zinazoruhusiwa jua. Mafuta yote ya zamani yamwagwe, mipira na chujio visafishwe, oili ya giaboksi nayo ifunguliwe. Kwa jerikeni ya kwanza ya lita 20, badala ya mililita 400 za oili za kila siku, aweke 800. Mguu uwe ndani ya pipa la maji, awashe, aiache ikimbie polepole si chini ya nusu saa, ili joto lifukuze unyevu uliojificha. Kisha ikafanye kazi siku hiyohiyo au kesho yake. Mashine iliyozama, ukishaiwasha, usiipumzishe wiki nzima.

Ikikataa kuwaka siku ile, ajaze oili ndani ya silinda na kranki, azungushe ienee, ndipo atafute hitilafu ya umeme kwa utulivu.

*

Fundi, mashine inakwamakwama nikiongeza mwendo, hasa boti ikicheza kwenye mawimbi. Petroli nanunua kwa chupa hapa mwaloni Kaiso. Ni maji?
Mvuvi, Kaiso

Inaelekea ni maji, ndugu. Petroli ni nyepesi, maji yanakaa chini ya jerikeni. Boti ikitulia, mpira unanyonya petroli, mawimbi yakitikisa, unanyonya maji. Legeza skrubu ya kikombe cha kabureta, tega chupa nyeupe ya plastiki, subiri robo saa. Ukiona mstari katikati na kitu kama shanga chini, umepata jibu. Maji hayo si lazima awe ameyatia muuzaji. Jerikeni iliyojaa nusu hupumua usiku, hewa yenye unyevu inaingia na kutoa jasho ndani. Na tundu la hewa likiachwa wazi mvua inaongeza yake. Jaza jerikeni jioni badala ya asubuhi, nunua chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji ulifunge kati ya jerikeni na mashine, na ulimwage kila siku kabla ya kutoka. Kasia liwe ndani ya boti, na jaketi ya kuokolea iwe mwilini. Mashine inayokwama kwenye Ziwa Albert upepo ukigeuka imeshawachukua watu ninaowajua.

*

Fundi, oili ya giaboksi iliyoingia maji, nikiichemsha maji yakaisha, naweza kuirudisha? Na je, sabuni ya kipande inaweza kuziba sili kwa muda?
Msomaji, Ntoroko

Hapana, na hapana. Oili iliyokwishapigwa na maji imepoteza ile ngozi inayolinda meno ya gia, na kuichemsha kunaweza kukuunguzia nyumba. Sabuni inayeyuka kabla hujafika kwenye nyavu. Kama huna fedha ya sili wiki hii, usiiache mashine ndani ya maji usiku: itoe ikiwa bado ina joto, isimamishe wima nchi kavu ipoe huko, na kila asubuhi legeza skrubu ya chini, utoe matone, uongeze oili iliyopungua. Hiyo itakufikisha siku ya soko, na siku hiyo ununue sili mbili na gasketi mbili za skrubu kabla hujanunua kitu kingine.